Mtungi mgongoni, roho mkononi

Msomaji wangu, mwenzio nimezamia! Nungwi hiyo, mtungi wa hewa mgongoni, roho mkononi. Ukifika mita 10 mgandamizo ni maradufu ya ule wa juu. Masikio yanauma; unabana pua, unapuliza. Sharti kubwa: usibane pumzi wakati wa kupanda, mapafu yaweza kupasuka.

Shemeji yangu, mvuvi wa pweza, alikataa katakata. Nikamtania, "Mwoga wewe!"

Akajibu, "Shemeji, baba yangu yumo humo mpaka leo. Mie naingia kutafuta riziki. Nilipie pesa nikastarehe wapi?"

Nikanywea. Kumbe si suala la woga wala ushujaa. Bahari kwangu ni matembezi, kwake ni shamba na kaburi. Tangu siku hiyo simcheki mtu anayebaki ufukweni.