Tairi la Jeshi katika Rimu ya Raia: Sehemu ya Pili

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulisimulia jinsi serikali ya Marekani inavyoviuza kwa mnada vyombo vya jeshi vilivyotimiza muda wake, na jinsi raia wa nchi ile, wakulima, wakata magogo, na vijana wenye shauku ya jangwa na tope, wanavyoyagombania matairi ya vyombo hivyo, kwa kuwa aghalabu meno yake hayajalika na bei yake ni rakhisi kuliko ya dukani. Leo tunaingia katika mas'ala yenyewe: je, tairi lililoundwa kwa ajili ya gari la vita laweza kuvishwa rimu ya gari la kawaida? Jawabu ni kwamba laweza mara chache, na mara hizo chache hazijulikani kwa kupima kimo cha tairi, bali kwa kusoma tarakimu ambayo wanunuzi wengi huipitia kwa macho tu kwa sababu imeandikwa mwisho.

Kimo ndicho kinachomvuta mnunuzi. Akiliona tairi la inchi 37 limesimamishwa kando ya lile la pikapu yake lenye inchi 31 au 32, moyo wake huwa umekwisha kulipa kabla ya mkono kuingia mfukoni. Lakini kimo, pamoja na adha zake zote, kina dawa: springi zaweza kuinuliwa, na madigadi yakakatwa. Kisicho na dawa ni ukingo wa ndani, yaani ule mdomo mnene uliofumbata nyaya za feleji, ambao hautanuki wala hausinyai, na ambao ndio pekee unaoshikamana na rimu. Mpira wote uliobaki, na meno yake yote ya kutisha, unautegemea mdomo huo.

Tairi la Humvee, gari ambalo jeshi la Marekani lilianza kulitumia katikati ya miaka ya 1980, kwa muda mrefu limeandikwa ubavuni 37x12.50R16.5LT. Tarakimu ya kwanza ni kimo kwa inchi, ya pili ni upana, herufi R yaonyesha kwamba nyuzi za tairi zimepita moja kwa moja kutoka mdomo mmoja hadi wa pili, na 16.5 ni kipenyo cha rimu. Msomaji asiidharau ile nusu. Katika rimu za magari ya mizigo zisizotumia tyubu, nusu hiyo ni alama ya ukoo: rimu za 16.5, 17.5, 19.5, 22.5 na 24.5 zina kiti kilichoinama kwa digrii 15, ilhali rimu za 15, 16 na 20 kiti chao kimeinama kwa digrii 5 tu. Kwa hiyo tairi la 16 na rimu ya 16.5 havihitilafiani kwa kipimo peke yake. Vinahitilafiana kwa umbo, na havikuumbwa vikutane.

Balaa ni kwamba vinakubali kukutana. Rimu hiyo ina bonde katikati, na tairi la 16 hupita juu yake bila kushindana sana, likalala pale kana kwamba limepata mwenyewe; ni kama kifuniko cha sufuria kinachoonekana kutosha mpaka mvuke uanze kukisukuma. Fundi hutia upepo, akaona upande mmoja umekaa na wa pili umekataa. Matairi ya pikapu yamewekewa mpaka wa ratili 40 kwa kila inchi ya mraba wakati wa kukalisha mdomo: ukifika hapo na mdomo haujakaa, upepo hutolewa wote na sababu ikatafutwa. Fundi asiyejua, au anayejua lakini mwenye gari amemsimamia akimharakisha, huongeza upepo, na huinama kutazama. Nyaya huvutika mpaka zikakatika, na tairi humlipukia usoni. Mwaka 1998 Mahakama Kuu ya Texas iliamua shauri la namna hiyo hiyo dhidi ya kampuni ya Uniroyal Goodrich: tairi lilikuwa na onyo bayana, la maneno na la picha, na fundi aliyejeruhiwa hakulifuata, lakini mahakama ikasema kwamba onyo halimwondolei mtengenezaji dhima ikiwa palikuwa na namna salama zaidi ya kuzisuka nyaya za mdomo. Wengine wameiona hukumu hiyo kuwa kali. Mimi naiona ya insafu, maana karatasi iliyobandikwa ubavuni hubanduka, na si kila anayejaza upepo anajua kusoma.

Kinyume chake, tairi la 16.5 juu ya rimu ya 16, kimekatazwa vilevile: mdomo hauwezi kukaza, upepo huvuja, na tairi huteleza juu ya rimu.

Basi mwenye matairi ya Humvee sharti atafute rimu za 16.5, na rimu hizo zilikuwa nyingi katika pikapu za Marekani za miaka ya 1970 na 1980. Hapo kuvisha kwawezekana, ila kuna ila. Nyingi ya rimu hizo hazina lile tuta dogo linalouzuia mdomo usirudi bondeni upepo unapopungua, na mtu anayenunua tairi la jeshi ananunua, kwa hakika, ruhusa ya kupunguza upepo apite mchangani. Akipunguza, na akakata kona kwa nguvu, tairi hutoka katika rimu na kumwacha palepale. Jeshi halikusumbuliwa na jambo hilo kwa sababu gurudumu la Humvee limeundwa kwa vipande viwili vilivyoungwa kwa bolti, na ndani yake mna pete nene ambayo kazi zake ni mbili: kulibeba gari likimbie hata upepo ukiisha, na kuisukumia midomo yote miwili ya tairi kwenye kingo za rimu isibanduke. Anayelichukua tairi na kuliacha gurudumu ameiacha nusu ya ufundi mnadani.

Kwa nini basi asilichukue gurudumu zima? Habu ya Humvee ina bolti nane katika duara la inchi 6.5, sawasawa na pikapu nyingi nzito za Marekani, na gurudumu huingia na kukazwa bila taabu. Taabu huja usukani unapozungushwa, kwa kuwa gurudumu hilo limezama mno upande wa ndani, kiasi cha inchi 7 kutoka ukingo hadi bamba la bolti, na tairi hukwaruza springi na mikono ya usukani. Wenye uwezo hulikata bamba na kulichomea upya mahali panapofaa. Wengine huweka vipande vya kulitoa nje, ambavyo huongeza mzigo juu ya beringi. Njia zote mbili zina gharama, lakini nazipendelea kuliko tairi lililovuliwa pete yake.

Habari hubadilika tukipanda kwenye malori makubwa. Tairi linalotafutwa sana huko ni 395/85R20, la malori ya FMTV ambayo jeshi la Marekani limeyatumia tangu miaka ya 1990. Upana wake ni milimita 395, na kimo chake hukaribia milimita 1,180, yaani inchi 46 na zaidi. Lori la raia la leo hutumia rimu ya 22.5, na tairi la 20 haliingii humo kwa hila yoyote. Lori la zamani, lenye rimu ya 20, laonekana kuwa ndugu yake. Lakini rimu ya lori la jeshi la M35, lililozoea tairi la 9.00-20, ina upana wa inchi 7.5, na tairi hilo kubwa hutaka inchi 10. Likibanwa katika rimu nyembamba, mgongo wake huvimba katikati, likalika katikati, na mbavu zake hukunjwa zisivyopasa mpaka zikachoka.

Juu ya hayo pana nguvu ya upepo wenyewe. Ubavu mmoja wa tairi hilo una eneo la karibu inchi za mraba 1,350. Ukijazwa ratili 80 kwa kila inchi, upepo huusukuma kwa uzito wa takriban tani 50. Rimu nyingi za 20 za malori ya zamani hufungwa kwa pete ya chuma, na mafundi wa pancha wa Afrika Mashariki, ambao wamezihudumia kwa miaka mingi katika malori ya Bedford na Leyland, hawahitaji kuambiwa pete hiyo hufanya nini ikichomoka. Marekani iliweka kanuni ya kazi hii mwaka 1980, na mwaka 1984 ikaipanua ihusu pia rimu za kipande kimoja. Madhumuni yake yafaa kujulikana kila mahali: gurudumu lenye pete hujazwa upepo ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu unaojishika wenyewe kwenye valvu, na fundi asimame kando ya njia ambayo pete yaweza kurukia, pete ya rimu moja isihamishiwe rimu ya aina nyingine, rimu iliyopasuka au kupinda isitiwe moto wala kuchomelewa ili irudi kazini, na gurudumu lililokimbia na upepo uliopungua sana litolewe upepo wote kabla ya kufunguliwa nati.

Yaliyobaki nayataja kwa haraka. Lori lililotoka tairi la inchi 40 likavishwa la 46 huenda kwa karibu kilomita 92 kwa saa ilhali mita ya mwendo yaonyesha 80, na breki zake hulazimika kufanya kazi zaidi kwa kiasi cha asilimia 15, nazo ni zilezile. Herufi iliyofuata tarakimu za mzigo ubavuni ni mpaka wa mwendo: G ni kilomita 90, J ni 100. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2304 ni wiki ya 23 ya mwaka 2004. Na tairi lililolala ghalani miaka ishirini laweza kuwa na meno kamili na mpira uliokufa.

Hukumu yangu ni kwamba tairi la jeshi linunuliwe pamoja na rimu yake, pete yake na bolti zake, au liachwe. Nawasihi wenye malori ya rimu za pete waisome tarakimu iliyochongwa juu ya rimu na ile iliyo juu ya pete kabla ya kumkabidhi fundi kazi, na wasimharakishe. Sehemu ya tatu, inshaallah, itahusu namna ya kulifungua gurudumu la vipande viwili bila kumdhuru mtu.