Fisi Mkorofi na Ujirani Mwema: Nani Afundishwe?

Ngano nyingi humchora fisi kuwa mlafi asumbuaye jirani, akapigwa, mwishowe akashika adabu. Tukiulizwa dhamira, wanafunzi twajibu upesi: ujirani mwema! Nami nilijibu hivyo. Lakini hebu tuisome ngano hiyo tukiwa Wasso, wilayani Ngorongoro. Katika nyanda za wilaya hii nyumbu huzaa mnamo Februari, na ndama wao hueneza virusi visivyowadhuru wenyewe ila huua ng'ombe. Nyumbu hafundishiki, bwana! Mfugaji wa Kimasai ndiye huhamisha mifugo, akayaacha majani mazuri hadi ndama wakue. Kumbe ujirani una gharama, na mlipaji si mnyama. Ngano huificha gharama hiyo kwa kumvisha fisi akili za mtu. Mwaka 2022, Serikali ilipotenga kilomita za mraba 1,500 za Loliondo kwa uhifadhi, swali lilikuwa la watu: nani apishe? Kwa maoni yangu, mhakiki asiishie kwenye funzo. Aulize pia: katika kisa hiki nani katakiwa abadilike, na nani kasamehewa?