Windows 10 imefika mwisho: Mambo ya kujua kabla hujampelekea fundi laptopu yako

Morogoro. Laptopu inawaka kama jana. Word inafunguka, filamu inacheza, printa inatoa karatasi. Lakini ukiingia sehemu ya masasisho unakutana na ujumbe kwamba Windows 10 imefika mwisho wa kuhudumiwa.

Swali linalofuata ni lilelile kwa mwanafunzi wa SUA aliyepanga Mazimbu, kwa mwenye steshenari pale Msamvu, na kwa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa kule Nyandira, Mgeta, ambaye hesabu zote za wanachama ziko kwenye laptopu moja ya mtumba: sasa nifanyeje?

Jibu la mtaani huwa fupi: “Peleka kwa fundi akupigie Windows mpya.” Shida ni kwamba maneno hayo yana maana mbili, na moja kati ya hizo inafuta kila kitu ulichonacho. Kabla hujafunga begi na kushuka mjini, yapo mambo unayoweza kuyajua ukiwa nyumbani, bila kulipa hata shilingi.

Nini hasa kimeisha?

Windows 10 ilitoka Julai 29, 2015. Miaka kumi baadaye, Oktoba 14, 2025, Microsoft ilisitisha kutoa masasisho yake ya kawaida ya bure.

Hiyo haimaanishi kompyuta itazima. Itaendelea kufanya kazi. Kilichosimama ni viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kila mwezi yanayoziba mashimo ambayo wahalifu wa mtandaoni huyatumia kuingia.

Baada ya muda, programu nyingine nazo huanza kuondoka. Ilikuwa hivyo kwa Windows 7: huduma yake iliisha Januari 14, 2020, na mwanzoni mwa 2023 toleo jipya la Chrome likakataa kufanya kazi kwenye mfumo huo. Kwa hiyo una muda, ila si wa milele.

Kwani viraka vina umuhimu gani?

Mei 12, 2017 virusi vya WannaCry vilianza kusambaa na kufikia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 150. Vilifunga mafaili ya watu na kudai pesa ili yafunguliwe. Uingereza, hospitali zililazimika kuahirisha huduma kwa wagonjwa.

Kinachouma ni kwamba kiraka cha kuziba shimo lile kilishatolewa Machi 14, miezi miwili kabla. Waliopigwa ni wale ambao kompyuta zao hazikuwa zimesasishwa.

Sasa fikiria flashi inayotoka steshenari, inaingia kwenye kompyuta ya ofisi, halafu inarudi kwenye laptopu ya nyumbani. Huhitaji kuwa tajiri ili kupoteza kitu. Tasnifu ya miaka miwili au daftari la mikopo ya wanakikundi 30 vinatosha kumkosesha mtu usingizi.

Hatua ya kwanza: Okoa mafaili yako

Hili ndilo la kuanza nalo, hata kama hujaamua utafanya nini baadaye.

“Kupiga Windows” kunaweza kuwa kupandisha mfumo, ambapo Windows 11 inakaa juu ya Windows 10 na mafaili yako yanabaki. Au kunaweza kuwa kufomati, ambapo diski inafutwa na mfumo unawekwa upya. Mafundi wengi hupenda njia ya pili kwa sababu ni ya haraka na kompyuta inatoka ikiwa nyepesi. Usipouliza, huenda ndiyo utakayofanyiwa.

Nakili mafaili kwenye diski ya nje au flashi kubwa. Usiishie kwenye folda ya “Documents”. Angalia pia “Desktop” na “Downloads”, maana watu wengi huhifadhi vitu huko bila kujua. Yale machache ambayo ukiyapoteza utalia, yaweke na sehemu ya pili, kama Google Drive au barua pepe yako mwenyewe.

Halafu chomoa flashi, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, na ufungue mafaili mawili matatu kuona kama kweli yanafunguka. Nakala ambayo hujaijaribu bado si nakala.

Hatua ya pili: Soma namba ya prosesa

Windows 11 ilitoka Oktoba 5, 2021 na ina masharti ambayo kompyuta nyingi za mtumba hazitimizi. Inataka RAM isiyopungua GB 4, diski isiyopungua GB 64, prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft, na chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0.

Mara nyingi kikwazo ni prosesa. Kuijua yako, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha bonyeza Enter. Tafuta mstari ulioandikwa “Processor”.

Kama ni Intel Core, tazama tarakimu zinazofuata baada ya kistari:

• i5-6300U ni kizazi cha 6. Haikubaliki.
• i5-7300U ni kizazi cha 7. Haikubaliki, isipokuwa chache sana za kizazi hicho.
• i5-8250U ni kizazi cha 8. Inakubalika.
• i7-10510U ni kizazi cha 10. Inakubalika.

Kwa kifupi, Intel Core kuanzia kizazi cha 8 ndizo zinazopita. Ndiyo maana HP EliteBook 840 G3, ambayo ni ya kizazi cha 6, inabaki nje, wakati 840 G5 nyingi zinaingia. Kwa macho zinafanana, kwa hiyo usiamini umbo, soma namba.

Kama ni AMD, Celeron au Pentium, namba zinaweza kukuchanganya. Pakua programu ya bure ya Microsoft iitwayo PC Health Check. Ukiifungua itakuambia moja kwa moja kama mashine inafaa, na kama haifai itataja sababu.

Ikikuambia TPM haipo, usikate tamaa haraka. Kwenye mashine nyingi za kizazi cha 8 kwenda mbele chipu ipo, ila imezimwa kwenye mipangilio ya BIOS. Kwa Intel huitwa PTT, kwa AMD huitwa fTPM. Hapo fundi anaweza kukusaidia kwa dakika chache.

Tahadhari moja: kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kubadilisha mipangilio hiyo kunaweza kufanya kompyuta ikudai ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo unahifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Utafute kwanza.

Kwa anayeishi Kinole, Matombo au Mgeta, hatua hizi mbili zinaokoa nauli. Kushuka mjini na laptopu wakati wa masika, kisha kuambiwa “haifai” au “ungekuja na flashi”, ni siku nzima imepotea.

Kama kompyuta inafaa

Kupanda kutoka Windows 10 halali kwenda Windows 11 ni bure. Ukienda kwa fundi unalipia kazi yake na pengine bando lake, si Windows yenyewe.

Ukitaka kufanya mwenyewe, ingia “Settings”, halafu “Windows Update”. Kama mashine yako imekubaliwa utaona nafasi ya kupakua. Zingatia mambo haya:

• Bando. Faili kamili la Windows 11 la kuweka kwenye flashi lina zaidi ya GB 5. Tumia Wi-Fi ya chuo au ya ofisi kama unaruhusiwa, au nunua kifurushi cha usiku.
• Hotspoti. Laptopu huichukulia intaneti ya simu yako kama haina kikomo. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo washa “Metered connection” ili isianze kupakua mambo mengine kimyakimya. Izime pale tu unapokuwa tayari kupakua.
• Umeme. Betri iwe imejaa na chaja iwe imechomekwa. Kama mtaani kwenu umeme unakatika mara kwa mara na betri ya laptopu imekufa, fanya kazi hii mahali penye jenereta. Umeme ukikatika katikati, unaweza kubaki na mashine isiyowaka.
• Muda. Tenga nusu siku. Usianze usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha kazi.

Ukishapanda na ukaona mashine imekuwa nzito au printa haikubali, una siku 10 za kurudi Windows 10. Nenda “Settings”, “System”, kisha “Recovery”, uchague “Go back”.

Ukweli wa ziada: RAM ya GB 4 inakubalika kwenye karatasi, lakini kazini itakuchosha. GB 8 na diski ya SSD ndivyo vinavyofanya Windows 11 itumike bila hasira.

Kama kompyuta haifai

Zipo njia tatu.

Ya kwanza ni kununua muda. Microsoft ina mpango wa kuendelea kutoa viraka vya usalama kwa Windows 10 hadi Oktoba 13, 2026, kwa watumiaji wa nyumbani. Unahitaji Windows 10 toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft. Ukiruhusu mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo hulipi kitu. Usipotaka, bei yake ni dola 30. Kiungo cha kujiunga, “Enroll now”, hutokea kwenye ukurasa wa “Windows Update”. Njia hii inakupa muda wa kujipanga tu, haimalizi tatizo.

Ya pili ni Linux, mfumo wa bure unaofaa kwa mashine za zamani. Linux Mint, kwa mfano, inaanza na RAM ya GB 2 ingawa GB 4 ndiyo inayopendekezwa, na faili lake ni karibu GB 3. Unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi na kuitazama bila kugusa Windows yako. Ukiipenda, unaisimika. Usipoipenda, unachomoa flashi na maisha yanaendelea.

Programu za bure za aina hii si ngeni Tanzania. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Ndugu wa OpenOffice hiyo, LibreOffice, ndiyo inayokuja na Linux Mint leo.

LibreOffice inafungua mafaili ya Word na Excel, ila mpangilio wa kurasa unaweza kuhama kidogo. Mwanafunzi ambaye chuo chake kinadai muundo maalumu wa tasnifu akague kwanza. Wanaotumia R au QGIS watazikuta zinafanya kazi vizuri. Lakini kama ofisi yako inategemea Microsoft Access au QuickBooks ya kusimika kwenye kompyuta, Linux itakukwamisha.

Ya tatu ni kununua mashine nyingine. Ukienda dukani kutafuta ya mtumba, usiridhike na muuzaji akisema “hii ni i7”. I7 ya kizazi cha 6 imezidiwa na i5 ya kizazi cha 8 kwenye suala hili. Omba iwashwe, andika msinfo32 mwenyewe, soma namba, ndipo mzungumze bei.

Vipi kuhusu “njia ya mkato”?

Kuna wanaolazimisha Windows 11 kwenye mashine isiyokubalika. Inawezekana, na mara nyingine inakwenda vizuri. Lakini Microsoft inasema kompyuta za namna hiyo hazina uhakika wa kupata masasisho. Kama ulihama kwa sababu ya viraka, unaweza kujikuta umerudi ulikotoka.

Hatari kubwa zaidi ni programu za kuvunja leseni, zile zinazowashwa baada ya fundi kukuambia “zima antivairasi kidogo”. Mtu anayekuomba umuondoe mlinzi ili aingize mzigo asioutaja, muulize mara mbili.

Maneno ya kumwambia fundi

Ukifika dukani, sema hivi kabla hujamkabidhi mashine: “Naomba uipandishe, usiifomati. Kama kuna ulazima wa kufomati, nipigie kwanza.” Kisha muulize Windows anayoiweka inatoka wapi. Fundi anayejua kazi yake hatachukia maswali hayo.

Na kama leo una nafasi ya kufanya jambo moja tu, acha Windows 11 ilale. Chukua flashi, nakili yale mafaili, yajaribu kwenye kompyuta nyingine. Mfumo mpya utaupata hata mwezi ujao. Daftari la wanakikundi likifutika, kikao kijacho kitakuwa kirefu.