Ushuru wa haki na ushuru mbaya: tunalojifunza kwa Uingereza ya zamani



Baada ya ibada moja, mama mwuza maharagwe alitungojea kwenye mlango wa kanisa. Mkononi alikuwa na karatasi ndogo nne, jetoni za bariere alizopita siku ya soko. Swali lake lilikuwa fupi: "Pasta, nikizunguka njia ya porini ili nisilipe, ni dhambi?"

Hatukumjibu palepale. Kusema "lipeni kodi" ni rahisi kwa mtu asiyebeba gunia mgongoni. Tulimwomba muda, tukarudi kwenye Maandiko, tena tukafungua vitabu vya historia tulivyosoma tukiwa shuleni. Tulitaka kujua watu wengine waliishi namna gani na jambo hili, na namna gani walitofautisha ushuru na unyang'anyi. Leo tunaeleza habari za ufalme mmoja, Uingereza ya miaka ya 1200 na 1300, kwa sababu watu wake waligombana sana juu ya swali hilohilo na wakaacha maandishi.

Mahali ushuru ulipotozwa

Mfalme wa Uingereza alikuwa na mashamba yake, lakini mapato ya mashamba hayakutosha kwa vita na kwa nyumba yake kubwa. Biashara ilimpa fedha nyingine. Ushuru ulitozwa mahali patatu: sokoni, kwenye lango la mji au daraja, na bandarini.

Hakuna aliyeruhusiwa kujifungulia soko tu. Bwana wa eneo, mji au nyumba ya watawa ilipaswa kuwa na haki hiyo, na mara nyingi haki iliandikwa katika hati ya mfalme. Mwenye soko alipata ushuru wa vitu vilivyouzwa humo, na katika masoko mengi mnunuzi ndiye aliyelipa. Miji mingi ilipatana na mfalme hivi: mji unampa kiasi kimoja kila mwaka, kisha wenyewe unatoza na kubaki na kinachozidi. Mfalme alipata fedha bila kutuma watumishi wake kila soko. Lakini hapo palikuwa na kishawishi: anayebaki na kinachozidi hutamani kizidi sana.

Tena si wote waliolipa. Wakaaji wa London walikuwa na hati ya kusamehewa ushuru wa masoko na njia katika nchi yote, na nyumba nyingi za watawa vilevile. Mzigo uliangukia wageni na wachuuzi wadogo wasio na hati.

Ruhusa yenye kazi na mwisho

Mji ulipotaka kujenga ukuta, kutengeneza daraja au kutandika mawe barabarani, uliomba ruhusa kwa mfalme. Kila kazi ilikuwa na ushuru wake wenye jina lake. Mji wa Shrewsbury, karibu na Wales, ulikuwa kati ya miji ya kwanza kupata ruhusa ya ukuta, mnamo 1220.

Hati ya ruhusa ilikuwa na mambo matatu. Ilitaja kazi: ukuta huu, daraja hili. Ilitaja muda, yaani hesabu ya miaka, kisha ruhusa inakwisha isipokuwa imeombwa upya. Tena ilitaja bidhaa moja moja na kiasi chake: mzigo wa farasi, gari la nafaka, ng'ombe, ngozi, chumvi, samaki. Mara nyingi kiasi kilikuwa kidogo, robo peni au nusu peni. Mwenye mzigo aliyefika langoni aliweza kuuliza: kiasi kiko wapi, na ukuta uko wapi?

Walikuwako waliotoza zaidi, au walioendelea kutoza wakati kazi haionekani. Ndiyo sababu mwaka 1275 mfalme Edward wa Kwanza alitoa sheria huko Westminster. Bwana wa mji akitoza sokoni kupita desturi, mfalme anamnyang'anya haki ya soko. Mtumishi akizidisha bila amri ya bwana wake, anamrudishia mlalamikaji kile alichozidisha, kisha anafungwa siku 40. Na mji uliopewa ruhusa ya ukuta ukitoza kinyume cha hati yake, unapoteza ruhusa hiyo kabisa. Tunaona kwamba sheria ilimwangalia bwana pamoja na mtumishi wake, na kila mmoja alikuwa na adhabu yake.

Sufu na bandari

Utajiri mkubwa wa nchi ile ulikuwa sufu ya kondoo, iliyosafirishwa mpaka kwa wafumaji wa Flanders na Italia. Mwaka uleule wa 1275 bunge lilikubali mfalme atoze shilingi 6 na peni 8 kwa kila gunia la sufu linalotoka. Gunia lilikuwa na ratili 364, karibu kilo 165, na lilihitaji sufu ya kondoo zaidi ya 200. Kibarua wa wakati ule alipata kama peni 2 kwa siku au pungufu; kwa hiyo ushuru wa gunia moja ulikuwa ujira wake wa siku 40 na zaidi.

Sufu iliruhusiwa kutoka kwa bandari zilizowekwa tu. Humo ilipimwa kwa mizani ya mfalme, si ya mfanyabiashara. Watozaji walikuwa wawili, watu wanaojulikana mjini. Muhuri wa forodha uligawanyika vipande viwili. Aliyelipa alipewa hati yenye muhuri, na bila hati hiyo sufu yake haikuruhusiwa kuondoka.

Juu ya watozaji aliwekwa mkaguzi mwenye daftari lake mwenyewe, ili daftari mbili zilinganishwe. Mshairi Geoffrey Chaucer alifanya kazi hiyo katika bandari ya London kuanzia 1374 mpaka 1386, na aliamriwa kuandika daftari kwa mkono wake mwenyewe.

Hesabu zote zilipelekwa kwenye hazina ya mfalme. Pale, aliyelipa alipewa kijiti kilichokatwa alama: alama yenye upana wa kiganja ni pauni 1000, ya kidole gumba ni 100, ya kidole cha mwisho ni 20, na ya punje ya shayiri ni pauni moja. Kijiti kilipasuliwa kwa urefu, alama zikabaki pande zote mbili. Mlipaji alichukua upande mmoja, hazina ikabaki na mwingine. Siku ya hesabu pande hizo ziliunganishwa. Aliyeongeza alama upande wake alijulikana mara moja, na asiyejua kusoma aliweza kuzihesabu kwa kidole.

Walipoanguka

Tusifikiri kwamba palikuwa paradiso. Mwaka 1294, kwa sababu ya vita na Ufaransa, ushuru wa gunia ulipandishwa mpaka shilingi 40. Watu waliuita "ushuru mbaya". Wafanyabiashara wakubwa walilipa, lakini walipunguza bei waliyompa mfugaji. Hivyo mzigo ulishuka mpaka kwa mwenye kondoo, ambaye hakuwahi kuona bandari. Malalamiko yalikuwa mengi hata mwaka 1297 mfalme akalazimika kuufuta na kuahidi kwamba hatatoza hivyo bila watu wa ufalme kukubali.

Ahadi hiyo haikuzaliwa siku moja. Hati kubwa ya mwaka 1215, iitwayo Magna Carta, ilikwisha kusema kwamba wafanyabiashara wapite salama, walipe desturi za zamani zilizo za haki, wala wasitozwe ushuru mbaya. Wafalme waliokuja nyuma walijaribu kusahau mara nyingi. Watu waliwakumbusha kwa sababu neno lilikuwa limeandikwa.

Turudi kwa mama yetu

Katika habari hizi tunaona maswali manne ambayo mtu wa kawaida anaweza kuuliza. Nani ametoa amri? Kiasi kimeandikwa wapi? Fedha inafanya kazi gani, na kwa muda gani? Nani anamkagua anayetoza? Ushuru wenye majibu manne ni deni, nasi tunalipa bila kunung'unika, maana barabara na shule hazijengwi kwa maombi tu. Ushuru usio na jibu hata moja ni unyang'anyi, hata ukipewa jetoni.

Kwa hiyo tulimwambia mama: anayelazimishwa kutoa kwa nguvu hana dhambi, dhambi ni ya anayemlazimisha. Hatukumtuma porini, kwa sababu tunajua hatari za njia ile, na uhai wake ni bora kuliko gunia. Tulimwomba azitunze jetoni zake, aandike siku, mahali na kiasi, na wenzake wa soko wafanye vilevile. Mtu mmoja akilia, sauti yake inapotea. Akina mama ishirini wenye daftari moja wanaweza kwenda pamoja mbele ya wakubwa na kuuliza yale maswali manne.

Lakini wako wengine wanaosikia somo hili: waumini wetu wanaokaa kwenye bariere. Wanaimba kwaya pamoja nasi. Katika Luka 3 watoza ushuru walimwendea Yohana Mbatizaji wakiuliza wafanye nini. Hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze kupita kile walichoamriwa. Na Zakayo, katika Luka 19, aliahidi kurudisha mara nne.

Mwisho tunajigeuzia sisi wenyewe. Sadaka ya kanisa inahesabiwa na watu wangapi? Daftari liko mikononi mwa nani? Mchango wa jengo ulipewa muda gani, na ukuta uko wapi? Katika parokia yetu, kwa muda mrefu mtu mmoja alihesabu peke yake, nasi tulinyamaza kwa sababu tulimwamini. Sasa wanahesabu wawili, wa tatu anaandika, na kiasi kinasomwa mbele ya wote. Mama mwuza maharagwe ni mmoja wa wale wawili.