Mfereji wa choo uliookoa mapadre



Huko Warwickshire, Uingereza, ipo nyumba ya kale iitwayo Baddesley Clinton. Imezungukwa na handaki lililojaa maji. Wenye mali wa zama zile walichimba mahandaki ya namna hii ili kuzuia wezi na kuonyesha hadhi yao.

Mwaka 1585, enzi za Malkia Elizabeth I, ilipitishwa sheria kwamba padre Mwingereza aliyepadrishwa ng'ambo akikutwa nchini ni mhaini, na adhabu yake ni kifo. Aliyempa hifadhi naye aliweza kunyongwa. Hata hivyo, vijana waliendelea kwenda kusoma seminari nje ya nchi na kurudi wakiwa mapadre.

Nyumba hiyo, mali ya Henry Ferrers, ilipangishwa kwa ndugu wawili wa kike, Anne Vaux na Eleanor Brooksby, waliowahifadhi mapadre. Bruda Mjesuti Nicholas Owen, fundi seremala, ndiye anayeaminika kuugeuza mfereji wa zamani wa choo, uliopita chini ya nyumba, kuwa maficho.

Alfajiri moja ya Oktoba 1591, Padre Robert Southwell alikuwa anaanza Misa, mara wasakaji wakafika mlangoni. Watumishi wakawazuia. Huku ndani vyombo vya altare vikafichwa, na magodoro yakageuzwa ili wasakaji wakiyapapasa wasikute joto la waliolala. Padre Southwell, Padre Henry Garnet, Padre John Gerard na wenzao wakashuka mferejini, wakasimama miguu ikiwa majini kwa muda wa saa nne hivi. Hawakupatikana.

Southwell aliuawa mwaka 1595, na Garnet mwaka 1606. Mwaka huohuo Owen alifia gerezani kwa mateso bila kufichua siri za maficho. Southwell na Owen walitangazwa watakatifu mwaka 1970.

Ndugu zangu mafrateri, lile handaki la fahari halikuwazuia wasakaji, walilivuka. Kilichowaokoa mapadre ni mfereji wa choo, akili ya fundi, na ujasiri wa waamini walei. Nasi tunasoma kwa sadaka za watu wa parokiani, na wengine wao wana kidogo kuliko sisi. Tukiipata daraja takatifu, tusiwasahau waliosimama mlangoni kwa ajili yetu.