Sura ya Nne: Saini ya Mzazi

Fomu yenyewe ilikuwa ya kawaida sana. Maneno yalikuwa yamekwisha kuchapwa, mzazi amebakiziwa nafasi ya kutia saini. Haikueleza kwamba kuna shule nyingine anazoweza kuzichagua. Haikueleza kwamba masomo ya shule anayopelekwa mwanawe ni mepesi kuliko ya shule za kawaida. Mzazi akisaini, mtoto wa miaka sita au saba anaanza masomo katika shule maalumu, yaani shule iliyowekwa kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa akili.

Hivyo ndivyo maelfu ya watoto wa Kiroma walivyoanza maisha katika Jamhuri ya Cheki miaka ya 1990. Sura hii inaeleza jinsi mfumo huo ulivyofanya kazi, kwa sababu anayetaka kuelewa jinsi jamii inavyomtenga mtu bila kumfukuza, hana budi kuanza hapo. Hapakuwa na sheria iliyosema Mroma asisome. Kulikuwa na kipimo, pendekezo la mtaalamu, uamuzi wa mwalimu mkuu na saini ya mama. Kila mmoja alifanya sehemu yake, na aghalabu aliamini kwamba anamsaidia mtoto.

Kwanza tuwajue Waroma ni akina nani. Ni jamii ya wachache iliyo kubwa kuliko zote barani Ulaya. Wanakadiriwa kuwa kati ya milioni 10 na 12. Wahenga wao walitoka India zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na lugha yao, Kiromani, bado ina alama za safari hiyo. Maji wanayaita pani, kama Wahindi. Walipopita nchi za Waajemi walichukua neno bakht, na hilo msomaji wa Kiswahili halimpigi chenga, kwani ndilo bahati letu. Huko Wallachia na Moldavia, ambayo leo ni sehemu ya Romania na Moldova, walikuwa watumwa hadi katikati ya karne ya 19. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wanazi waliwaua Waroma wengi mno wa Bohemia na Moravia. Huko Lety, mahali palipokuwa na kambi walimofungwa, pakajengwa baadaye shamba la nguruwe, na shamba hilo lilikaa hapo mpaka lilipobomolewa mwaka 2022.

Kwa kuwa walionusurika mauaji hayo walikuwa wachache, Waroma wengi wanaoishi Cheki leo ni uzao wa watu waliotoka vijiji vya Slovakia baada ya vita, wakaletwa au wakaja wenyewe kutafuta kazi za viwandani. Ostrava, mji wa makaa ya mawe na chuma mashariki mwa nchi, ulihitaji mikono. Mroma alipata kazi na nyumba. Utawala wa kikomunisti ulipoanguka mwaka 1989, viwanda vikaanza kupunguza watu, na waliopunguzwa mwanzo ni wale wasio na vyeti. Mwaka 1994 mgodi wa mwisho wa makaa ndani ya mji wa Ostrava ukafungwa. Ukitaka kumwelewa mtoto anayeingia darasani mwaka huo, mtazame baba yake: amekaa nyumbani, kazi aliyoijua imekwisha, na hana shule ya kumwezesha kushika nyingine.

Sasa turudi kwa mtoto. Alifikaje shule maalumu? Alipelekwa kwa mwanasaikolojia, akapimwa akili. Kipimo kilikuwa kwa Kicheki, na kilitungwa kwa kuangalia watoto wa Kicheki waliopita chekechea, waliosomewa vitabu vya picha nyumbani, waliozoea mtu mzima mgeni kuwauliza maswali ambayo jibu lake analijua. Huyu wetu nyumbani anaongea Kiromani, au Kicheki cha mtaani kilichochanganyika na Kiromani, na chekechea hakwenda. Akinyamaza mbele ya swali, karatasi haiandiki kwamba hakuelewa neno. Inaandika alama. Na alama ikiwa ndogo, tofauti ya lugha na malezi inageuka kuwa ulemavu wa akili.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Watoto hawa walikunjwa wakiwa wabichi kweli. Mtaala wa shule maalumu ulikuwa umepunguzwa, hivyo kadiri mtoto alivyosonga mbele ndivyo alivyozidi kuachwa na wenzake wa shule ya kawaida, na kurudi kukawa kugumu mwaka hadi mwaka. Alipomaliza, milango ya sekondari za kawaida ilikuwa imefungwa mpaka sheria ilipolegezwa mwaka 2000. Kilichokuwapo ni mafunzo ya ufundi wa ngazi ya chini. Kijana akaingia mtaani na cheti ambacho kila mwajiri alikijua maana yake.

Swali ambalo Wacheki wengi walikuwa wakiuliza, na ambalo kila msomaji ana haki ya kuliuliza, ni hili: mbona wazazi walisaini?

Jibu lake ndilo moyo wa jambo lote. Mama alikuwa na njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni shule ya kawaida, ambako mwanawe atakuwa Mroma peke yake au mmoja kati ya wawili, ambako walimu hawajafundishwa kumpokea mtoto asiyejua Kicheki vizuri, na ambako watoto wenziwe watamcheka na kumsukuma. Ya pili ni shule maalumu, ambako wapo kaka yake, binamu zake na watoto wa jirani. Pengine mama mwenyewe alisoma hapo. Mwalimu anayemjua anamwambia kwa upole kwamba mtoto atafurahi zaidi huku. Hakuna anayemwambia kuhusu miaka 15 ijayo. Mimi simlaumu mama huyo hata kidogo. Saini inayotiwa bila habari kamili, mbele ya mtu mwenye madaraka, na njia nyingine ikiwa imejaa miiba, siwezi kuiita hiari.

Na haikuwa fomu pekee iliyowekwa mbele ya mwanamke wa Kiroma. Miaka hiyohiyo, hospitalini, wanawake wengi wa Kiroma walifungwa kizazi baada ya kutia saini karatasi ambazo hawakuelezwa maana yake. Serikali ya Cheki ilieleza masikitiko yake mwaka 2009, na mwaka 2021 ikapitishwa sheria ya kuwalipa fidia. Ukiyaweka mambo haya mawili pamoja, unaona kwamba karatasi iliyosainiwa ilikuwa kinga ya ofisi, haikuwa kinga ya mtu.

Mwaka 1999 wanafunzi 18 wa Kiroma wa Ostrava, waliozaliwa kati ya 1985 na 1991, walikwenda mahakamani. Walisaidiwa na Kituo cha Ulaya cha Haki za Waroma, ambacho wakati huo kilikuwa na makao Budapest. Silaha yao kubwa ilikuwa hesabu. Ziliandikiwa barua shule zote za msingi za mji, za kawaida na maalumu, kuuliza idadi ya wanafunzi wao. Shule maalumu zilikuwa na wanafunzi 1,360, na kati yao 762 walikuwa Waroma, yaani asilimia 56. Shule za kawaida zilikuwa na wanafunzi 33,372, na Waroma walikuwa asilimia 2.26 tu. Igeuze hesabu hiyo upande wa pili ndipo inapouma: katika kila watoto wawili wa Kiroma mjini humo, mmoja alikuwa shule maalumu. Kwa watoto wengine, hawakufika hata wawili katika mia. Mtoto wa Kiroma alikuwa na uwezekano mara 27 zaidi wa kuhesabiwa kuwa na akili pungufu.

Mahakama ya Katiba ya Cheki iliwakatalia mwaka huohuo. Ilisema kazi yake ni kuangalia kesi ya kila mtoto, si hali ya jamii nzima. Wakaenda Strasbourg, kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Februari 2006 wakashindwa tena. Wakakata rufaa kwenye Jopo Kuu la mahakama hiyo, na tarehe 13 Novemba 2007 majaji 13 dhidi ya 4 wakaamua kwamba watoto hao walibaguliwa katika haki yao ya elimu.

Uzito wa hukumu hiyo uko katika namna ilivyofikiwa. Majaji hawakutafuta mtu aliyewachukia Waroma. Walisema kanuni inaweza kuandikwa kwa maneno yanayomhusu kila mtu, na bado ikawaangukia watu wa kundi moja. Huo nao ni ubaguzi, na wanasheria wanauita ubaguzi usio wa moja kwa moja. Walikubali takwimu ziwe ushahidi. Ikishaonekana tofauti kubwa kiasi hicho, ni kazi ya serikali kueleza sababu yake. Kuhusu saini za wazazi, walisema hakuna mzazi anayeweza kuisamehe haki ya mwanawe ya kutobaguliwa. Katika kumbukumbu za kesi hiyo kuna jambo ambalo kwangu lina nguvu kuliko hoja zote: wanne kati ya wale 18 walipimwa upya baada ya kulalamika, wakafaulu, wakahamia shule za kawaida.

Baada ya hapo mambo yalikwenda polepole. Jina la shule maalumu lilikuwa limekwisha kufutwa na sheria ya mwaka 2004, lakini majengo yalibaki yaleyale, walimu walewale na wanafunzi walewale, chini ya jina jipya la shule za vitendo. Mwaka 2014 Tume ya Ulaya ilianzisha hatua za kisheria dhidi ya Cheki kwa kosa hilohilo. Mwaka 2016 sheria ikaweka msaada wa lazima kwa mtoto anayehitaji msaada akiwa ndani ya shule ya kawaida, pamoja na walimu wasaidizi, na mwaka 2017 mwaka mmoja wa chekechea ukafanywa wa lazima kwa kila mtoto. Hilo la chekechea naona ndilo lililogusa mzizi, kwa sababu linamkuta mtoto kabla ya kipimo.

Wale 18 waliamriwa kulipwa euro 4,000 kila mmoja. Siku hukumu iliposomwa, mdogo wao alikuwa na umri wa miaka 16 hivi, mkubwa wao 22, na umri wa shule ya msingi ulikuwa umewapita wote.