Ringi Ipi Yafaa Gari la Shamba?

Msomaji mkulima, jirani yangu mmoja huku Kinangop aliuza ringi zake za inchi 16, pamoja na gurudumu la akiba, akaweka za inchi 18 zinazong'aa kama kioo. Wiki ya pili, alipokuwa akipeleka maziwa, gurudumu la mbele liligonga jiwe shimoni. Ringi ikapinda ukingoni, upepo ukatoka wote, na mikebe minne ya maziwa ikaharibika njiani. Tairi ya kipimo kile haikupatikana katika duka lo lote la karibu. Alingoja siku mbili mpaka ilipoletwa kutoka Nairobi.

Sasa nenda ukatazame ubavu wa tairi ya gari lako. Huenda ukaona maandishi kama 265/70R16. Hiyo 265 ni upana wa tairi kwa milimita. Hiyo 70 maana yake kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana, yaani milimita 185 na nusu. Na 16 ni kipimo cha ringi kwa inchi. Tairi ya 265/60R18 ina kimo cha jumla karibu sawa na hiyo, milimita 775 kwa 777, lakini ubavu wake ni milimita 159 tu. Basi gari halikuinuka hata kidogo, ila umepoteza inchi nzima ya mpira kati ya chuma na jiwe.

Inchi hiyo ni mali. Mpira mrefu hubonyea, jiwe likapita bila kufika kwenye ringi. Tena ukipunguza upepo kidogo penye mchanga au matope, tairi hutandazika na kushika ardhi vizuri. Ubavu mfupi hauna nafasi ya kufanya hivyo. (Jaza upepo tena kabla ya kurudi lami, maana tairi laini ikikimbizwa hupata moto na kupasuka.)

Lakini usikimbilie ringi ndogo kupita kiasi. Magari mengi ya siku hizi yana breki kubwa za mbele, na ringi ndogo huzigusa. Soma kibandiko cha mlango wa dereva au kitabu cha gari, uone vipimo vilivyokubaliwa, kisha uchague kilicho kidogo kati ya hivyo. Land Cruiser nyingi za kazi hutumia 7.50R16, tairi nyembamba na ndefu, ambayo katika udongo mweusi hupenya matope ya juu ikafika penye ugumu.

Tena hesabu nati. Hilux za kuendeshwa na magurudumu yote manne zina nati 6 kwenye duara ya milimita 139.7, Land Rover za zamani zina 5 kwenye duara ya milimita 165.1. Ringi ya hii haiingii kwa ile, hata zote zikiwa za inchi 16. Na wewe mbeba viazi, angalia namba ya mzigo: 112 maana yake tairi moja huchukua kilo 1,120.

Neno moja la hatari. Ringi za zamani zenye pete ya chuma zisifunguliwe kabla upepo haujaisha kabisa. Pete ikiruka huua mtu. Mpelekee fundi mwenye kizimba cha kujazia.

Jirani yangu amerudia inchi 16. Zile za kung'aa zimeegemea ukuta wa zizi, naye bado anatafuta mnunuzi.